Ukungu Ndani ya Darubini

Mwanzo wa Oktoba 1953, Élisabethville nzima ilikuwa ikingoja mvua. Vumbi jekundu lilikuwa limefunika majani ya bustani, na madirisha ya ofisi ya mashtaka yaliachwa wazi tangu asubuhi. Juu ya meza ya Clément Mwansa kulikuwa na bunduki ya kuwindia iliyofungwa kwenye blanketi la kijivu.

Clément alikuwa msaidizi wa upelelezi katika ofisi hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyesoma kwa mapadri kaskazini kabla ya kushuka mjini. Kesi iliyomkalia kooni ilikuwa ya Léonard Mukuka. Léonard aliwinda nyama kwa niaba ya Edouard Lambrechts, mfanyabiashara aliyelisha kambi za wafanyakazi. Jioni moja, kwenye mbuga iliyo mbele ya Kasomeno, alifyatua risasi kutoka mbali na kumuua Rigobert, mdogo wa mke wake, aliyekuwa msaidizi wake porini. Hakukimbia. Aliibeba maiti mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la bwana wake, bwana mwenyewe akiwa ndani, akajisalimisha.

"Niliona kongoni," ndilo jibu lake kila alipoulizwa juu ya risasi ile. "Kioo ilikuwa na ukungu. Niliona kongoni."

Bwana Substitut, yule Mbelgiji mwendesha mashtaka, hakuyaamini. Aliichukua bunduki akaielekeza dirishani, akamwita Clément kwa kidole.

"Chungulia mwenyewe."

Clément aliweka jicho kwenye darubini iliyofungwa juu ya mtutu. Mwisho wa barabara kulikuwa na duka la mikate. Aliyasoma maandishi ya ubao wake moja baada ya jingine, na juu ya herufi ya mwisho alimwona nzi akisugua miguu.

"Ukungu uko wapi?" Substitut aliuliza.

"Siuoni, bwana."

"Wala mimi. Mtu mwenye jicho kama hili halioni koti la shemeji yake akadhani ni ngozi ya mnyama. Na wiki hiyo hiyo walikuwa wamegombana. Ni mauaji ya kukusudia, Clément. Yeye mwenyewe ametuletea uongo wake."

Substitut alipotoka, Clément alibaki akiitazama ile darubini. Kilichomsumbua ni huo uongo wenyewe. Mtu anayetunga uongo ili aokoe shingo yake hachagui uongo ambao yeyote anaweza kuupima kwa kuchungulia tu. Léonard hakuwa mjinga. Kwa nini aseme kioo kina ukungu, na kioo chenyewe kiko mezani kinang'aa kama maji ya chemchemi?

Akaishika darubini kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo. Ilicheza. Akasogeza uso karibu na zile pete mbili za chuma zilizoishikilia. Kati ya pete na bomba la darubini kulikuwa kumepachikwa kipande chembamba cha ngozi ya kahawia, ngozi mpya ambayo haijawahi kuonja jasho wala mvua.

Alikiacha palepale, akalikunja blanketi, akaenda kuomba ruhusa ya kutoka na kielelezo.

*

Madame Régine alikuwa mjane wa Kibelgiji mwenye duka la miwani katikati ya mji. Wawindaji wengi wa Katanga walimpelekea darubini zao, kwa kuwa marehemu mume wake alikuwa fundi wa vioo na yeye mwenyewe aliujua ufundi huo tangu usichana. Clément aliingia kwa mlango wa mbele, karatasi ya ofisi mkononi, na wanawake wawili wa kizungu waliokuwa wakijaribu fremu mbele ya kioo wakanyamaza. Madame Régine aliwaomba radhi, akampeleka Clément uani.

Walizungumza Kifaransa. Clément alimweleza alichotaka kujua: darubini hii ni nzuri kiasi gani, na mtu angeona nini kupitia kwayo kutoka mbali, jua linapozama.

"Watu wote huuliza inakuza mara ngapi," alisema Madame Régine akiifungua kwa bisibisi ndogo. "Kukuza si kazi. Hata chupa ya divai hukuza. Swali ni hili: inakuonyesha kitu, au inakuonyesha kivuli kikubwa cha kitu? Njoo."

Uani kwake bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba lilionekana wazi, jeusi mbele ya anga nyeupe. Aliilaza darubini juu ya mfuko wa mchanga ulioegemezwa ukutani.

"Tazama ukingo wa bomba, pale linapokutana na mbingu. Unaona rangi yoyote?"

"Hapana, madame."

"Kioo kibovu kingekuwekea uzi wa zambarau upande huu na wa manjano upande ule. Sasa sogeza bomba mpaka pembezoni mwa duara. Limepinda?"

"Limenyooka."

"Tikisa kichwa kidogo, kushoto, kulia. Ule msalaba wa nyuzi unahama?"

"Umetulia."

Akamwondoa, akaigeuza darubini, akachungulia kutoka mbele huku ameielekeza kwenye mwanga. Alikaa hivyo muda mrefu. Mkono wake wa kushoto, wenye madoa ya uzee, ulikuwa umelishika bomba la darubini kwa upole, kama mtu anayempima mgonjwa joto.

"Ni safi mpaka ndani," alisema mwishoni. "Nzuri sana. Jioni, kwa masafa marefu, ungeweza kumtambua mtu unayemfahamu. Pole, bwana Clément. Najua si jibu ulilotaka."

 Clément alikitoa mfukoni kile kipande cha ngozi, alichokiokota pete zilipofunguliwa, akakiweka kwenye kiganja cha mjane. "Hiki kilikuwa ndani ya pete."

Madame Régine alikitazama. Akazichukua zile pete, akapitisha kidole ndani yake, akakiangalia kidole. Kilikuwa na unga mweusi wa rangi iliyosagika.

"Pete hizi zilitengenezwa kwa bomba nene zaidi," alisema polepole. "Zimelibana miaka mingi mpaka zikala rangi yake. Darubini hii haina alama yoyote ya kubanwa. Haijawahi kukaa hapa." Akaigeuza bunduki, akasoma michoro ya kitako, na sauti yake ikabadilika. "Mungu wangu. Bunduki hii naijua. Ni ya Edouard. Msimu uliopita aliniletea ikiwa na darubini nyeusi ya Kijerumani, iliyozama kwenye mto Luapula. Maji yaliingia, kuvu ikaota juu ya kioo cha ndani kama nyuzi za buibui. Nilimwambia kioo hiki kimekufa."

"Yeye alisemaje?"

"Alichungulia hapahapa uani, saa sita mchana. Akasema, lakini naona. Nikamwambia, mchana, jua likiwa nyuma yako, utaona kidogo. Subiri jua lishuke mbele yako. Kila uzi wa kuvu utawaka, na utakuwa unatazama ndani ya bakuli la maziwa." Alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Nilimwambia asimpe mtu yeyote."

*

Kabla ya kwenda kwa Edouard, Clément alipanda baiskeli yake mpaka mtaa wa Kenya, kwa Albertine, mke wa Léonard. Ugomvi bado ulikuwepo kwenye faili, na ugomvi haufutwi na kipande cha ngozi.

Alimkuta ameketi kwenye kizingiti, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, akichagua mboga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na macho yake yalikuwa yamekauka.

"Karibu, papa Clément. Kiti iko pale."

"Asante, mama. Nilikuja juu ya ile mambo ya kugombana. Banasema baligombana hapa?"

"Ni hapa, kwa meza yangu." Hakuacha kuchagua mboga. "Rigobert alitaka kuacha kazi ya pori. Alitaka kuenda ku chemin de fer, kazi ya treni. Léonard alikasirika. Alisema, mi njo nilikufundisha kila kitu, sasa unaniacha miye peke yangu? Akapiga meza na mukono. Mudogo yangu akatoka, hakumaliza kula bukari."

"Na kiisha?"

"Kiisha balienda ku pori. Léonard aliambia polisi balipatana kule. Nani alibaona?"

"Ulimuuliza?"

"Sijamuuliza. Kila siku napeleka chakula ku gereza, naacha kwa mulango. Siingii." Sasa mikono yake ilisimama. "Papa Clément, miye niko katikati. Kama nalilia mudogo yangu, niko nachukia bwana yangu. Kama nahurumia bwana yangu, ni kama natupa mudogo yangu. Nikiingia, nitamuuliza: ulimuona? Atanijibu hapana. Na miye sitajua kama ni kweli. Tutazeeka namna ile, miye namuangalia tu."

Clément alitaka kumwambia habari za pete na za kuvu, akajizuia. Alichokuwa nacho mpaka sasa ni neno la mjane mmoja na kipande cha ngozi. Kumpa mtu tumaini halafu kulichukua tena ni ukatili zaidi kuliko kumwacha anavyongoja.

"Nipatie siku kidogo, mama," alisema. "Kama kuko njia ya kujua, nitakuita. Utaona na macho yako mwenyewe."

*

Madame Régine alikataa kubaki nyuma. "Akikuona peke yako atakufukuza," alisema, akawasha gari lake dogo.

Edouard Lambrechts alikuwa kwenye ua wa ghala lake, amevaa kaptula na shati lililoloa jasho, akisimamia nyama iliyokaushwa ikipakiwa. Alikuwa mnene, mwenye uso mwekundu, na alipomwona Madame Régine alitabasamu. Tabasamu hilo lilikufa alipomwona Clément akishuka upande wa pili.

Aliwapeleka ofisini. Hakumpa Clément kiti.

"Ile darubini iliyozama Luapula iko wapi, Edouard?" aliuliza Madame Régine.

"Ipi? Niliitupa zamani."

"Lini?"

"Zamani. Sikumbuki. Polisi wana bunduki, wana darubini. Mnataka nini zaidi?"

Clément alikuwa amesimama karibu na mlango, akimtazama Edouard kiunoni. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya kahawia, mpya. Kwa kawaida mkanda wa mtu hubakiza ncha baada ya bizimu. Wa Edouard uliishia palepale, umekatwa mshazari kwa kisu.

Alisogea mezani, akaweka kile kipande cha ngozi mbele ya Edouard.

Edouard alikitazama. Mkono wake ulienda wenyewe kiunoni, ukagusa mahali palipokatwa, ukashuka.

"Samahani, bwana," alisema Clément kwa sauti yake ya upole. "Bunduki ilikuwa mikononi mwako tangu barabarani mpaka kituo cha polisi. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo."

Nje, wapakiaji walikuwa wakihesabu kwa kuimba. Edouard alikaa. Ghafla alionekana mzee.

"Léonard alinilalamikia mara nyingi," alisema. "Alisema, bwana, jioni sioni. Nilimwambia avumilie, msimu uishe. Halafu lori linasimama, na yuko pale barabarani na yule kijana mgongoni." Alijifunika uso. "Nilijua nini kimetokea kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa na darubini nyingine kwenye lori, yangu mwenyewe. Niliogopa wangesema nimempa kifaa kibovu. Nilifikiri, ajali ni ajali, watamwachia. Naapa, Régine, sikufikiri kwamba kioo kizuri kitamfanya awe muuaji."

"Na ulipojua wanamwita muuaji?"

 Edouard aliinuka, akafungua kabati, akatoa kopo la bati lililojaa maganda ya risasi. Chini yake, imeviringishwa kwenye gunia, kulikuwa na darubini nyeusi. Kwenye bomba lake pete mbili zilikuwa zimechora mistari miwili ya fedha.

Madame Régine alimwekea Edouard mkono begani. Alikuwa amekasirika, lakini hakuuondoa mkono. "Utakuja nasi," alimwambia. "Na utamwambia Substitut wewe mwenyewe, kabla hajakuuliza."

*

Substitut alisikiliza, akauma kalamu. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kukataa kutazama. "Kuungama kwa Edouard kunathibitisha alibadilisha darubini," alisema. "Hakuthibitishi Léonard aliona nini. Hilo tutalipima."

Walichagua mbuga nje ya mji, kando ya barabara ya Kasenga, nyasi ndefu zilizokauka, jua likishuka mbele yao kama ilivyokuwa jioni ile. Bunduki iliachwa ofisini. Darubini zote mbili zilifungwa kwenye gogo lililochongwa kwa ajili hiyo, ya Kijerumani kushoto, ile ya kielelezo kulia. Clément alikuwa amemleta Albertine, na Albertine alikuwa amekuja na koti la kaki la Rigobert, jingine kama lile alilokufa nalo.

Palihitajika mtu wa kulivaa. Clément alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Hapana," alisema Edouard. "Nitaenda mimi."

Koti lilimbana mabegani. Alitembea ndani ya nyasi, akaenda, akaenda, mpaka kwa jicho tupu akawa kama kijiti cha kiberiti. Kisha akainama na kuanza kusogea polepole upande, namna ambavyo, kwa maelezo ya Léonard, Rigobert alikuwa akikata njia kurudi kutoka mtoni.

Substitut alichungulia kwanza. Kulia, kushoto, kulia tena. Alipoinuka, alifuta jicho lake. Alimpisha Albertine.

"Si lazima, mama," Clément alimwambia.

"Ulinipatia neno yako."

Alipiga magoti mbele ya gogo. Madame Régine alimsaidia kuweka jicho mahali pake, akamwonyesha kwa vidole afumbe lile jingine. Lugha haikuhitajika. Albertine alianza na ya kushoto.

 Clément alijua anachoona, maana alikuwa amekwisha kuchungulia: mwanga wa manjano uliomwagika duara zima, nyasi zilizoyeyuka ndani yake, na katikati, kitu cha rangi ya udongo, hakina mikono wala uso, mgongo tu unaopanda na kushuka.

"Iko nainama," Albertine alinong'ona. "Iko nakula majani."

Hakuna aliyemsahihisha.

"Ni nyama ya pori, papa Clément. Najua ni bwana Edouard, nilimuona anaenda. Na bado naona nyama."

"Njo ile Léonard aliona."

Akahamia kulia. Bega lake lilishtuka, kama mtu aliyefunguliwa mlango usoni. "Eh! Vifungo vya koti naona. Naona kofia kwa mukono yake." Kisha akasema polepole, "Huyu bwana analia."

Aliinuka, magoti yake mekundu kwa vumbi. Aliangalia mbali kwa jicho tupu, kule alikokuwa Edouard, tena kama kijiti cha kiberiti.

"Mwambieni arudi," alisema. "Inatosha. Mwambieni avue ile koti, arudi."

Substitut alikaza kofia yake kichwani. "Andika, Clément. Shtaka la kuua kwa kukusudia linaondolewa. La uzembe litaandikwa kwa jina la mwingine. Hakimu atatia sahihi wiki hii." Akasita, akamgeukia Albertine, na kwa Kiswahili chake cha kuvunjika akasema, "Pole, mama. Mimi nilikosa kuangalia."

*

Asubuhi yake Albertine hakuacha chakula mlangoni. Clément alimsindikiza mpaka kwenye ua wa gereza, mahali palipo benchi moja ndefu chini ya paa la mabati.

Léonard aliletwa. Alikuwa mtu mkubwa, na magereza humfanya mtu mkubwa aonekane kama amevaa mwili wa kuazima. Alipomwona mkewe alisimama palepale, macho chini.

"Albertine, miye..."

"Nyamaza kwanza. Ikala."

Akakaa. Naye akakaa, si mbali, si karibu.

"Nilichungulia ndani ya ile kioo," alisema. "Ile yenyewe. Niliona nyama, Léonard. Na miye niliona nyama."

Léonard aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Mabega yake yalitikisika bila sauti. Albertine alimwacha alie. Baada ya muda aliweka mkono wake juu ya mgongo wa mumewe, na ukakaa hapo.

Clément alisogea karibu na mlango ili awape nafasi, lakini ua ulikuwa mdogo na sauti ilifika.

"Sasa niambie kitu," alisema Albertine. "Weye njo ulikuwa na yeye siku ya mwisho. Miye sikumuona. Asubuhi alikuwa namna gani?"

Léonard alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alifikiri.

"Aliona nyuki," alisema. "Ndani ya muti. Nilimuambia, ngoja, tuwashe moto kwanza. Hakungoja. Akaingiza mukono yote. Moja ikamuuma kwa mudomo. Mudomo ikavimba, ikakuwa kama ya muzee hana meno. Kila neno anasema inatoka mubaya. Anataka chumvi, anasema 'shumfi'. Nilicheka mpaka nikaanguka chini. Na yeye anacheka, na inamuuma, na anacheka tu."

Albertine alifunika mdomo wake kwa kiganja. Sauti iliyotoka nyuma yake ilianza kama kilio, ikawa kicheko, ikawa vyote viwili.

Mlinzi wa gereza alimtazama Clément na kugonga saa yake kwa kidole. Clément alitikisa kichwa.

"Baache," alisema.

Kwenye benchi Albertine alikuwa amesogea karibu.

"Mudomo gani?" aliuliza. "Ya juu ao ya chini?"

Léonard alimgeuzia uso, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akainua kidole na kumwonyesha.